Samaki Mmoja, Shahidi Mmoja

Katika ziwa Tanganyika, liwapalo wavuvi wa Kazimia na Baraka, huko Fizi, ndakala na mikeke, yumo samaki ambaye chakula chake ni magamba ya samaki wengine, naye kwa jina la kitaalamu huitwa Perissodus microlepis. Kinywa chake kimekwenda upande: wengine kimeelekea kulia, wengine kushoto, na yule wa kulia, akivizia kwa nyuma, huambua magamba ya ubavu wa kushoto, na wa kushoto huambua ya kulia. Mwaka 1993 Michio Hori, mtaalamu wa Kijapani, alieleza katika jarida la Science kwamba makundi hayo hupokezana wingi miaka ikipita, yasiende mbali na nusu kwa nusu, kwa kuwa wanaoviziwa hujihadhari zaidi na ubavu unaoshambuliwa mno, na kundi lililo dogo likapata riziki kwa wepesi.

Hapa hapana urefu wala uzito wa kupima. Liko jina la kundi tu, na kazi ya mtafiti ni kuhesabu. Tuseme mwanafunzi amepata samaki 10, wanane wa kulia na wawili wa kushoto: je, ni ithibati kwamba makundi hayalingani? Kipimo mashuhuri cha kai-mraba, alichokitoa Karl Pearson mwaka 1900, kitamwambia kwamba tofauti kama hiyo au zaidi ingetokea kwa sadfa mara 6 hivi katika 100; lakini akizihesabu njia zote 1024 ambazo kwazo samaki 10 wangeweza kugawanyika, ataona 112 zenye tofauti hiyo au zaidi, yaani mara 11 katika 100. Kai-mraba ni makadirio yafaayo idadi kubwa. Penye wachache, hesabu kamili ndiyo ya kutegemewa.

Lakini hatari kubwa zaidi imo tumboni mwa samaki. Mwanafunzi akikuta humo magamba 20 ya ubavu wa kushoto, akayahesabu kuwa mashahidi 20, amepotea, maana yote yameambuliwa na kinywa kimoja, na hakuna kipimo kitakachoitengeneza hesabu hiyo akisahau magamba yale ni ya tumbo moja.

Kwa mfano wa hesabu isiyo na kosa hilo, tazama jinsi Anthony Allison, mtafiti wa selimundu na malaria, alivyofanya kazi yake ya Uganda, iliyochapishwa mwaka 1954. Katika watoto 290 wa Kiganda, 43 walikuwa na chembe za selimundu, na 12 kati yao walikutwa na vimelea vya malaria. Katika 247 wasio nazo, waliokutwa na vimelea hivyo walikuwa 113. Kila mtoto ameingia hesabuni mara moja, makundi yanatosha, na kai-mraba inatoa 4.75, iliyopita kiwango cha kawaida cha 3.84, ambacho kikipitwa tofauti haihesabiwi tena kuwa ya sadfa. Lau watoto wale wale wangalipimwa kabla ya dawa na baada yake, ingalifaa njia ya jozi, aliyoieleza McNemar mwaka 1947.

Nawasihi walimu wa biolojia wa Fizi wawaambie wanafunzi waandike, kabla samaki hajapasuliwa, ni kitu gani kitakachohesabiwa na kwa kipimo gani.