Chaja imechomekwa, betri haipandi: Anza ukutani kabla ya kumlipa fundi

ALAMA ya kuchaji inaonekana kwenye kona ya skrini, lakini asilimia imeganda: 34, na saa nzima baadaye bado 34. Kwa aliyeko ofisini kwake hiyo ni kero tu. Kwa mfanyabiashara aliyelala nyumba ya wageni Rusumo akisubiri lori lake livuke asubuhi, huku ankara, orodha ya mizigo na namba za wakala wa forodha vyote vimo ndani ya laptopu, usingizi hauji.

Wengi husema moja kwa moja kwamba betri imekufa. Baadhi ya mafundi hawabishi, kwa kuwa kuuza betri mpya kunalipa kuliko dakika kumi za kukagua waya. Lakini betri inafaa iwe ya mwisho kushukiwa, hasa kama usumbufu ulianza baada ya kuvuka mpaka.

Tuanze na soketi. Kenya, Uganda na sehemu kubwa ya Tanzania hutumia soketi ya matundu matatu bapa, ile tuliyoachiwa na Waingereza. Ukiingia Rwanda, Burundi au Goma, unakutana na matundu ya duara. Umeme wenyewe hautofautiani sana: Kenya na Uganda ni volti 240, Tanzania na Rwanda 230, Burundi na Kongo 220. Soma maandishi madogo kwenye chaja yako. Yakisema INPUT 100-240V, nchi zote hizo zinaifaa bila mashine ya kupunguza umeme, hata muuzaji akikusisitizia kwamba unaihitaji.

Kinachokuangusha ni ile adapta ndogo ya kubadili umbo la plagi, inayouzwa bei ya chee stendi. Vyuma vyake vya ndani hupanuka upesi, plagi ikawa inagusa na kuachia. Hali hiyo ni mbaya kuliko kukatika kabisa, kwa sababu huleta cheche na joto. Ukiishika ukaona ni ya moto, au ukasikia mlio wa kukwaruza, itupe. Nyingi pia hazina njia ya waya wa ardhi, ndiyo maana mwili wa chuma wa laptopu wakati mwingine hukutekenya vidole ukiwa Kigali lakini si Kampala.

Wazoefu wa njia hizi huachana na adapta kabisa. Waya unaotoka ukutani hadi kwenye boksi la chaja huchomoka kwa chaja nyingi. Nunua mwingine wenye plagi ya duara ukifika upande wa pili, uendelee na chaja yako ile ile. Nenda na waya wa zamani dukani ulinganishe kichwa kinachoingia kwenye boksi, maana vipo vya matundu mawili na vya matundu matatu.

Kama ukuta na waya ni vizima, geukia chaja yenyewe. Kwenye mstari wa OUTPUT utaona kitu kama 19.5V na 3.34A. Zidisha, unapata wati 65. Ukiazima chaja nyingine, volti lazima zilingane. Ampea zikizidi hakuna shida, zikipungua ndipo matata yanapoanza. Chaja ya wati 45 kwenye mashine inayotaka 65 inaweza kuiwasha, lakini ukifanya kazi nzito betri haipandi, au inashuka huku imechomekwa.

Laptopu nyingi za Dell na HP zenye tundu la duara zina pini nyembamba katikati ya kichwa cha chaja. Pini hiyo huiambia mashine ni chaja gani imeingia. Ikipinda au kuvunjika, au chaja ikiwa ya kuiga, laptopu huwaka vizuri lakini inaweza kukataa kuchaji betri. Hapo utabadilisha betri tatu bila kupona. Chaja inayojulikana kuwa nzima, hata ya kuazima kwa jirani kwa robo saa, inakupa jibu bila gharama.

Kwa zile zinazochajiwa kwa USB-C, chaja ya simu ya wati 20 mara nyingi haitoshi, hata kama kichwa kinaingia. Waya nao una kikomo: wa kawaida hupitisha ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20.

Madereva na wasafiri wa masafa marefu wana tatizo lao, inveta za bei nafuu za kwenye gari. Umeme wake si laini kama wa ukutani. Chaja ikianza kuunguruma au kuchemka kupita kawaida, ichomoe. Na laptopu iliyoachwa juani juu ya dashibodi inaweza kugoma kuchaji kwa sababu betri ina joto kali. Iache ipoe kivulini kwanza.

Ikigota kwenye 60 au 80 kila siku, huenda si ugonjwa. Lenovo, ASUS na nyinginezo zina mpangilio wa kutunza betri unaozuia isijae. Utafute kwenye programu ya mtengenezaji uuzime kabla ya safari.

Baada ya hayo yote, sasa pima betri. Kwenye Windows, andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, kisha powercfg /batteryreport. Fungua faili litakalotajwa, ulinganishe DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. Ya pili ikiwa chini ya nusu ya ya kwanza, betri imechoka kweli. Kama sehemu ya kusogezea kishale imeinuka au mfuniko wa chini umetuna, usisubiri ripoti: zima, usichaji tena, usiitoboe, na usiipakie kwenye buti ya basi.

Kwa wanaonunua laptopu za mitumba Luthuli au Kariakoo kwenda kuuza ng'ambo ya mpaka, dhamana ya duka mara nyingi huishia pale risiti ilipoandikwa. Omba mashine ikiwa chini ya asilimia 50, ichomeke kwa chaja utakayoondoka nayo, tikisa kichwa chake taratibu uone kama alama inapotea. Kaa dakika 20 ukitazama asilimia inavyopanda, kisha fungua ile ripoti mbele ya muuzaji, fedha ikiwa bado mfukoni.