Kuacha kazi ya duka bila notisi: unapoteza nini?

Vijana wengi wa Muheza, Pangani na Mkinga wanauza maduka ya Tanga mjini. Huajiriwa kwa mdomo, na wengine huondoka hivyo hivyo: mshahara umechelewa, au kuna mgonjwa nyumbani, mtu anapanda gari na simu anaizima. Kuacha kazi ghafla si jinai, na hakuna anayeweza kukulazimisha kubaki. Lakini kunaweza kukugharimu fedha ulizokwisha kuzitolea jasho.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamlinda mwajiriwa wa Tanzania Bara hata kama hana mkataba wa maandishi. Zanzibar ina sheria yake. Kwa Bara, notisi haipungui:

- siku 7, ukiwa bado katika mwezi wa kwanza wa kazi;
- siku 4 baada ya hapo, kama umeajiriwa kwa siku au kwa wiki;
- siku 28, kama umeajiriwa kwa mwezi.

Siku hizo zinambana na mwenye duka pia akitaka kukuachisha. Notisi iwe ya maandishi, itaje sababu na tarehe, na isitolewe ukiwa likizo.

Ukiondoka bila notisi

Tajiri anaruhusiwa kukata katika malipo yako kiasi ambacho ungelipwa kwa siku za notisi ulizokataa kufanya kazi. Tuseme mshahara wako ni shilingi 200,000 kwa mwezi, umekwisha kuvuka mwezi wa kwanza wa kazi na unadai mshahara wa wiki mbili, kisha ukatoweka. Makato ya siku 28 yanaweza kumeza chote ulichokuwa unadai.

Hata hivyo, baada ya makato halali, kinachobaki ni chako: mshahara wa siku ulizofanya kazi na malipo ya likizo uliyostahili. Una haki pia ya kupewa cheti cha utumishi. Michango yako ya NSSF haipotei.

Makabidhiano ni muhimu zaidi

Kwa muuza duka, hatari kubwa ni hesabu. Ukiondoka na funguo, au bila kuhesabu mali, daftari la madeni na fedha za droo, upungufu wowote utakaoonekana utaelekezwa kwako, na huenda ukasikia unatafutwa polisi. Hata kama una haraka, hesabuni pamoja, andikeni, wekeni saini mbele ya shahidi, kisha piga picha karatasi hiyo kwa simu.

Kama hali haivumiliki

Kama unanyanyaswa kijinsia, au umetendewa isivyo haki, ukalalamika na hukusikilizwa hadi ukashindwa kuendelea, kuacha kazi kunaweza kuhesabiwa kuwa umeachishwa isivyo halali. Tunza ujumbe wa simu na majina ya walioshuhudia. Dai la kuachishwa isivyo halali linahitaji uwe umefanya kazi angalau miezi 6.

Malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ambayo ina ofisi Tanga mjini. Dai la kuachishwa kazi lifike ndani ya siku 30. Madai mengine, kama mshahara, ndani ya siku 60. Ukichelewa utalazimika kwanza kuomba ruhusa na kueleza sababu. Mwanachama wa TUICO anaweza kusaidiwa na chama chake.

Barua fupi inatosha

Andika: "Mimi (jina) naacha kazi ya kuuza duka kwa sababu ya (sababu). Siku yangu ya mwisho ni tarehe (taja)." Weka tarehe na saini, na ubaki na nakala. Kama dharura haikuruhusu kumaliza siku za notisi, mweleze tajiri na mwombe akuachie mapema. Akikubali, aandike chini ya barua hiyo hiyo kwamba amekubali na hatakukata, kwani neno la mdomo ni rahisi kukanwa siku ya malipo.