Jogoo wa upepo akikwama, usimtupe: mtengeneze kabla hujampeleka mpakani

Na Mwandishi Wetu, Habari za Kanda

Kwa wanaouza mapambo ya chuma ya bustani, hasara kubwa mara nyingi hutokea njiani. Jogoo wa upepo hutoka karakana ya Kamukunji jijini Nairobi, Gerezani Dar es Salaam au Katwe Kampala akiwa mzima, hulazwa juu ya keria chini ya magunia, na hushushwa Busia au Namanga mkia umepinda na mhimili umekaza. Mnunuzi humsukuma kwa kidole, huona hazunguki, na hapo ama bei inashuka nusu ama mzigo unarudi.

Hasara hiyo huzuilika, kwa kuwa kasoro nyingi za kielekezi cha upepo hazihitaji mashine ya kuchomelea. Zinahitaji saa moja au mbili na vitu vilivyomo jikoni au kwa fundi baiskeli.

Kinavyofanya kazi

Kielekezi kizuri hutimiza masharti mawili. Kwanza, uzito wa upande wa kichwa na wa mkia ulingane pale kinapoegemea mhimili, kama mizani isiyo na mzigo. Pili, mkia uwe na eneo kubwa kuliko kichwa. Upepo husukuma zaidi palipo papana, hivyo mkia hurudi nyuma na mdomo wa jogoo huelekea upepo unakotoka.

Ndiyo maana mkia uliokatika ukipachikwa kipande kidogo, jogoo atazunguka ovyo. Ukipachikwa bati zito bila kusawazisha, atainama na kukwama.

Mhimili uliokaza

Mng'oe jogoo kwenye fimbo yake. Sugua fimbo kwa karatasi ya msasa au waya wa kusugulia sufuria hadi chuma king'ae. Kama kutu ni nzito, loweka kipande hicho kwenye siki usiku kucha, kisugue, kisuuze kwa maji yenye magadi kidogo, kisha kikaushe juani mara moja.

Lakini angalia: siki ni ya chuma cheusi tu. Bati la mabati lina ngozi ya zinki, na siki huila ngozi hiyo. Ukililoweka, litashika kutu haraka kuliko mwanzo.

Kama bomba la jogoo limezibwa juu, dondosha ndani yake gololi moja ya baiskeli iliyopakwa grisi, kisha livike juu ya fimbo. Uzito wote utakaa juu ya gololi na jogoo atageuka hata kwa upepo mdogo. Hakikisha tu gololi inaingia bila kubana. Huna grisi? Mafuta ya mgando yatasaidia kwa muda. Usitumie mafuta ya kupikia, kwani huganda, hunasa vumbi na kukaza mhimili upya.

Mkia uliovunjika

Kata kipande kutoka debe au kopo la mafuta ya kula kwa mkasi wa bati. Kunja kingo kwa koleo ili zisikate mikono ya mteja. Toboa matundu manne kwa msumari, kisha funga kwa riveti au waya wa mabati. Gundi peke yake haitoshi, maana jua na mtikisiko huiachia.

Sasa mweke jogoo juu ya mhimili ukiwa umelazwa. Upande unaoshuka ndio mzito. Ongeza nati kwenye upande mwepesi, ukizifunga kwa waya, hadi atulie sawa. Maliza kwa kupaka rangi ya mafuta kwenye kila tundu na kila mkato.

Kwa mzigo unaokwenda Mombasa, Tanga au Zanzibar, epuka riveti za alumini kwenye chuma kitupu. Metali mbili zikigusana katika hewa ya chumvi, moja huliwa haraka. Paka rangi kwanza, ndipo ufunge.

Herufi na pande

Kazi nyingi huandikwa N, E, S na W. Mteja akitaka Kiswahili, herufi moja moja hazifai: Kaskazini na Kusini zote ni K, Mashariki na Magharibi zote ni M. Andika KAS, KUS, MAS na MAG.

Ili kuelekeza sawa, simika kijiti wima juani na utie alama kwenye ncha ya kivuli. Subiri kama nusu saa, tia alama ya pili. Mstari kutoka alama ya kwanza kwenda ya pili unaelekea mashariki. Dira ya simu nayo inafaa, ila ishike mbali na chuma.

Mjaribu jogoo palepale alipo. Pwani wakati wa kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, mdomo utazame kaskazini-mashariki kwa sehemu kubwa. Kisumu, Mwanza au Bujumbura, mchana upepo kwa kawaida hutoka ziwani na usiku hutoka nchi kavu. Asiyegeuka kati ya nyakati hizo mbili bado amekwama.

Mpakani

Safirisha jogoo na fimbo mbalimbali, mkia ukiwa umefungwa kati ya maboksi mawili. Kuunganisha sokoni ni kazi ya dakika chache.

Kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, mfumo rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unaruhusu cheti rahisi cha uasili kutolewa na forodha papo hapo mpakani, mradi bidhaa imetengenezwa katika nchi mwanachama na imo kwenye orodha iliyokubaliwa. Uliza kwenye dawati la taarifa za biashara kabla ya kufika dirishani. Kumbuka pia kwamba cheti huondoa ushuru wa forodha. Kodi nyingine za ndani zinaweza kubaki.

Mwisho ni uaminifu. Jogoo aliyetengenezwa muuze kama aliyetengenezwa, kwa bei yake, na umwonyeshe mnunuzi mkia mpya ulipofungwa. Soko la mpakani ni dogo, na mteja aliyedanganywa leo Namanga kesho atawasimulia wenzake Arusha na Kajiado.