Kutazama Wanyama kwa Boti: Kutoka Nyamisati Hadi Kilindoni

Safari ya kutazama wanyama kwa chombo kidogo hutofautiana na safari ya mbugani kwa jambo moja kubwa: njia yenyewe ni maji, na maji hayakai mahali pamoja. Boti huwa kama dungu, kichanja cha kulindia shamba cha mkulima wa mpunga wa Rufiji. Tofauti ni kwamba mtu hukaa humo kimya, akatazama kinachopita bila kukifukuza. Safari za aina hii zinajulikana sana kaskazini ya dunia, katika visiwa vya Svalbard vya Norway, ambako meli hupeleka watu kuona dubu weupe, sili na nyangumi kwenye barafu. Huko meli ndogo hupendelewa kwa sababu huingia katika ghuba nyembamba na hazishushi umati wa watu ufukweni. Tangu tarehe 1 Januari 2025, sheria ya Norway hairuhusu meli yenye abiria zaidi ya 200 kuingia katika maeneo yaliyohifadhiwa ya visiwa hivyo.

Katika pwani ya Tanzania, safari ya namna hiyo huanzia Nyamisati, wilaya ya Kibiti, mkoa wa Pwani. Msafiri anayetoka Dar es Salaam hufuata barabara ya Kilwa hadi Bungu, kisha hupinda kushoto kuelekea baharini kwa kiasi cha kilomita 40. Nyamisati ipo upande wa kaskazini wa delta ya mto Rufiji na ina gati. Kutoka hapo kivuko cha MV Kilindoni na boti nyingine huvusha watu na mizigo kwenda Kilindoni, mji mkuu wa wilaya ya Mafia. Anayetaka kuona wanyama hugawa safari yake mara mbili: kwanza mikono ya mto na mikoko yake, kisha mkondo wa bahari na kisiwa cha Mafia.

Sehemu ya kwanza hupangwa na maji kupwa na kujaa. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji makuu na maji makavu hupita mita 3. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo hupungua sana. Mkono wa mto unaopitika asubuhi waweza kuwa tope tupu mchana, na mafungu ya mchanga kwenye milango ya Simba Uranga, Kikunya na Msala huhamahama kila msimu wa mafuriko. Kwa hiyo nahodha wa delta hahesabu saa za mshale peke yake. Huhesabu pia siku za mwezi. Boti hutoka maji yakijaa ili iingie vijito vya ndani, na hurudi kabla hayajakauka.

Historia ya mahali hapa inaonyesha vizuri kwa nini chombo kidogo ndicho kinachofaa. Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar, kisha ikajificha ndani ya delta ya Rufiji. Manowari kubwa za Kiingereza zilikaa nje miezi mingi, zikishindwa kuingia kwa uchache wa kina. Hatimaye zililetwa Severn na Mersey, vyombo vyenye matako mapana ambavyo awali viliundwa kwa ajili ya mito ya Brazil na vilihitaji kina kisichofika mita 2. Zikiongozwa na ndege zilizorushwa kutoka Mafia, ziliishinda Königsberg tarehe 11 Julai 1915. Mabaki yake yalionekana juu ya maji kwa miaka mingi kabla ya kumezwa na tope.

Mikoko ndiyo makao ya viumbe wa delta. Inafunika takriban hekta 53,000, karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara, na ndiyo eneo kubwa zaidi la mikoko lililo pamoja katika Afrika Mashariki. Kila mti una mahali pake. Mlilana husimama mbele, unakopigwa na mawimbi. Mkoko wenye mizizi mirefu iliyopinda hukaa kingoni mwa vijito. Mkandaa na muia hufuata nyuma, na mchu huvumilia sehemu zenye chumvi kali. Karibu na maji baridi huota mkomafi na msikundazi. Majani yanayoanguka huoza na kuwa chakula cha vijidudu, na vijidudu huliwa na kamba na samaki wachanga wanaojificha katikati ya mizizi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kamba wanaovuliwa Tanzania hutoka upande huu.

Boti ikipita polepole maji yakipwa, kaa huonekana wakitoka mashimoni, na samaki wadogo hutambaa juu ya tope kwa mapezi. Furukombe hukaa juu ya matawi makavu, mdiria hujirusha majini, na yangeyange husimama kingoni. Ndani zaidi, maji baridi yanakozidi chumvi, wapo viboko na mamba. Kwa ajili yao boti hukaa mbali nao, wala abiria hatumbukizi mkono. Kiboko huhesabiwa miongoni mwa wanyama hatari kuliko wote kwa watu wa mitumbwi, hasa akizibiwa njia ya kuelekea kwenye kina.

Delta ina uhusiano wa moja kwa moja na ncha ya kaskazini. Kuanzia Agosti na Septemba, makundi ya ndege wa matopeni hutua hapa yakitoka kwenye nyika za baridi za Siberia, walikozaa na kulea makinda. Baadhi yao, kama Calidris minuta, hawafiki gramu 50 kwa uzito, lakini huruka maelfu ya kilomita na kurudi kwao mwezi wa Aprili au Mei. Pamoja nao yumo ndege mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene, Dromas ardeola, ambaye chakula chake ni kaa. Huyu hutagia mashimoni kwenye fukwe za mchanga za Oman, Iran na nchi za jirani, ambako joto la mchanga husaidia kuatamia yai. Ndege hawa huonekana vizuri saa ya maji makavu, wakiwa wametawanyika kutafuta chakula. Ni makosa kuwarusha makusudi, kwani kila wanaporuka hupoteza nguvu wanayohitaji kwa safari ya kurudi.

Sehemu ya pili ni kuvuka mkondo wa Mafia. Mnyama anayewavuta watu wengi huko ni papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, anayeweza kupita urefu wa mita 12. Hana madhara kwa mtu, kwa kuwa chakula chake ni vijidudu vya bahari, kamba wadogo sana na samaki wadogo anaowachuja kinywani. Mbele ya Kilindoni huonekana zaidi kati ya Oktoba na Machi, mara nyingi karibu na wavuvi wa dagaa. Wengi ni madume wasiokomaa. Watafiti humtambua kila mmoja kwa mpangilio wa madoa ya ngozi yake, na wamegundua kwamba baadhi hubaki karibu na Mafia mwaka mzima. Tangu 2016 samaki huyu ameorodheshwa kimataifa kuwa hatarini kutoweka. Anayeogelea karibu naye hatakiwi kumgusa, kumpanda wala kumkatia njia, na injini hupunguzwa au kuzimwa.

Kati ya Julai na Oktoba hupita nyangumi wa nundu, waliotoka bahari ya kusini kuja kuzaa kwenye maji ya joto. Kwenye kisiwa cha Juani, jirani na Mafia, kasa huanguliwa kwa wingi kati ya Juni na Septemba, na kisiwa cha Chole kina popo wakubwa wala matunda wa aina ambayo kwa Tanzania hupatikana katika visiwa vya Mafia pekee. Nguva pia wapo katika maji haya, ila ni wachache mno.

Msimu mzuri wa kuvuka ni wa kaskazi, hasa Novemba hadi Februari, bahari inapotulia na papa potwe wanapokuwapo. Kusi huleta mawimbi mazito mkondoni, na masika hufurisha mto. Kabla ya kuondoka husikilizwa utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Boti iwe imekaguliwa, kila abiria avae jaketi la kuokolea, na mizigo isizidi.

Eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliandikishwa mwaka 2004 chini ya mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu. Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza nchini, ilianzishwa 1995 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 822. Hata hivyo maji ya mbele ya Kilindoni yapo nje ya mpaka wake, hivyo usalama wa papa potwe unategemea sana wavuvi wenyewe. Mikoko nayo hukatwa kwa boriti, mkaa na mashamba ya mpunga, na Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kuzalisha umeme 2024, huzuia sehemu ya tope ambalo kwa karne nyingi limekuwa likiijenga delta. Watu wa vijiji vya delta wanaishi kwa uvuvi na kilimo. Mgeni anapokodi boti ya kijijini, akachukua nahodha na mwongoza njia wa hapohapo na kulipa ushuru unaotakiwa, wanakijiji hupata kipato kutokana na mkoko uliosimama na samaki aliye hai. Hiyo ni sababu ya kuilinda delta inayoingia moja kwa moja katika kaya zao.