Wano Lenye Damu: Wazee wa Upinde wa Ziwa Eyasi

Mwindaji wa Kihadzabe aliyempiga mshale mnyama mkubwa harudi kambini akishangilia. Huingia kama alivyotoka, akapita kimya hadi pale wanaume wanapoketi, kando kidogo ya vibanda, naye akakaa. Hakuna anayemwuliza upesi. Wenzake wanamtazama mikononi, wanaitazama mishale aliyobeba, na wakiliona wano aliloliokota porini limepakaa damu, habari imekwisha kufika. Ndipo maswali yanapoanza, taratibu: ni mnyama gani, alipigwa wapi, mshale uliingia kiasi gani, alikimbilia upande upi. Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa Wahadzabe anayepiga mnada ni damu, si mdomo.

James Woodburn, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeanza kuishi na watu hawa mwishoni mwa miaka ya 1950, ni mmoja wa walioiandika desturi hiyo. Msomaji aliyezoea majigambo ya mjini anaweza kuiona kama haya tu, au uchovu wa mtu aliyeshinda juani. Lakini anayekaa kimya hivyo mara nyingi ndiye mwenye mengi ya kusimulia, mzee aliyekwisha kulaza pundamilia, nyati na hata twiga. Nimekuwa nikijiuliza unyenyekevu wa namna hii unatoka wapi. Kusema kwamba wazee hao ni watu wema hakunitoshi. Watu wema wapo kila mahali, na wengi wao hujisifu vizuri sana.

Wahadzabe ni watu wachache, zaidi kidogo ya elfu moja, na makazi yao yamelizunguka Ziwa Eyasi, nchini Tanzania: Mang'ola upande wa Karatu, Bonde la Yaeda katika Mbulu, na ng'ambo ya ziwa hadi Meatu. Lugha yao ina sauti za kualisha ulimi kama za watu wa kusini mwa Afrika, ila mpaka leo haijathibitika kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote. Sehemu ndogo tu ndiyo ingali inaishi karibu kabisa kwa kuwinda, kurina asali, kuchimba mizizi na kuokota ubuyu na matunda ya porini. Hawana chifu. Mzee hupewa heshima, lakini hana amri. Akisema twende na wengine hawataki, huenda peke yake.

Upinde wao si wa mchezo. Hukatwa kutoka kwenye mti mgumu unaonyooka, mara nyingi ule wanaouita mutateko. Huchongwa kwa kisu, hupashwa moto, hupindwa polepole, kisha hupakwa mafuta ya mnyama. Upote wake ni mishipa ya wanyama wakubwa iliyosokotwa. Pinde zilizopimwa zimeonyesha kwamba kuuvuta hadi mwisho kunahitaji nguvu ya kilo zipatazo 30, yaani kama kuinua ndoo moja na nusu ya maji kwa vidole vichache, halafu usitetemeke. Mtoto wa kiume hupewa upinde wake wa kwanza akiwa na miaka mitatu hivi, mdogo kama yeye mwenyewe, na tangu siku hiyo hauachi mkononi. Anaanza na panzi, mijusi na ndege.

Mishale nayo ina daraja zake. Ipo ya mti mtupu, iliyochongwa ncha, kwa ajili ya ndege, pimbi na wanyama wadogo. Ipo yenye chembe ya chuma, inayofuliwa kwa misumari au kununuliwa kwa wahunzi wa Kidatoga, majirani zao wa siku nyingi. Na ipo ya sumu, kwa wanyama wakubwa. Sumu zenyewe ni mbili. Panjube hutokana na utomvu wa kichaka chenye shina nene na maua mekundu, unaochemshwa hadi uwe mzito na mweusi kama lami. Shanjo hutokana na mbegu zinazopondwa. Sumu hukandikwa nyuma ya ncha, kisha huviringishiwa ukanda wa ngozi, isikauke na isimchome mwenyewe. Hapa hakuna nafasi ya kijana mwenye haraka. Mara nyingi mnyama haanguki palepale, na anayemfukuza humsukuma mbali zaidi. Anayejua kazi huangalia alikoelekea, huokota wano lake, hurudi nyumbani, na asubuhi huenda na wenzake kufuata nyayo. Usiku mzima amelala hajui kama ana nyama au hana.

Ukubwa wa mzee unaonekana hapo. Nguvu za kuvuta upinde zina msimu wake. Kijana wa miaka 25 anaweza kumzidi babu yake bila shida. Lakini nani ataona jani moja lililogeuzwa, akajua kwamba pofu aliyepita amechoka na hayuko mbali? Nani anajua kwamba upepo wa saa hii bondeni utageuka jua likishuka kidogo? Wakati wa kiangazi, wanyama wanapolazimika kuja kwenye maji yaliyobaki, wawindaji hujificha usiku karibu na kisima, nyuma ya kizuizi cha mawe au matawi, na kungojea. Kungojea huko ni kazi ya watu waliokwisha kuzoea kukosa.

Kukosa ndiko kunakonipa jibu la kwanza. Katika miaka ya 1980 mtafiti Kristen Hawkes na wenzake waliwafuata wawindaji wa Kihadzabe siku hadi siku wakiandika kilichopatikana. Waligundua kwamba mwindaji anayetafuta mnyama mkubwa alirudi bila kumpata takriban siku 97 katika kila 100. Sio kwamba alirudi na njaa. Njiani alipata asali, ubuyu, au mnyama mdogo. Lakini pundamilia, kongoni au tandala, hapana. Sasa chukua mzee aliyeishi hivyo miaka arobaini. Amerudi mikono mitupu mara ambazo hakuna anayeweza kuzihesabu, na kila aliporudi kulikuwa na nyama ya mtu mwingine ya kula, au hapakuwa na nyama kabisa. Mtu huyo atajisifu vipi kwa siku tatu zilizobaki? Bahati imekwisha kumfundisha hesabu.

Jibu la pili ni kwamba desturi zenyewe hazimwachii mtu mahali pa kupandia. Nyama ya mnyama mkubwa haiwi mali ya aliyemwua. Kambi nzima huenda alipoangukia, au nyama huletwa kambini, na kila mmoja hupata. Mwuaji hagawi kama tajiri anayetoa sadaka, wala hakuna anayempigia magoti kumshukuru. Wanadai fungu lao, tena kwa sauti. Mimi naona huu ni ujanja mkubwa wa kijamii, kwa sababu anayeshukuriwa sana mwisho hugeuka bwana.

Kisha kuna lukuchuko, mchezo wa kamari wa wanaume. Vipande vya magome ya mti hurushwa pamoja vikagonga shina, na jinsi vinavyoanguka ndiyo huamua mshindi. Wanachowekeana ni mishale ya chuma na ya sumu, visu, viko vya kuvutia tumbaku. Woodburn alieleza kwamba upinde wa mtu, mishale yake ya mti mtupu na mfuko wake wa ngozi haviwekwi dau, ili anayeshindwa asikose kabisa cha kumpatia chakula. Lakini vile vitu vizuri, vile vya kujivunia, huzunguka. Mshale wa sumu uliotengenezwa na fundi hodari leo uko kwake, kesho uko kwa kijana asiyejua kupiga, wiki ijayo uko kambi nyingine. Mwindaji bora akitumia siku kadhaa chini ya mti anaweza kuondoka na upinde wake na mishale ya ndege tu, kama kila mtu.

Mahali pekee ambapo ukubwa wa wazee hutengewa kitu ni epeme. Mwanamume akifikia miaka ya ishirini na kitu na kuangusha mnyama mkubwa, huingizwa kati ya watu wa epeme. Tangu hapo anashiriki na wenzake sehemu fulani za mnyama, zikiwemo moyo na figo, zinazoliwa na wanaume hao pamoja, mbali na macho ya wanawake na watoto. Asiyestahili akizila, inaaminika balaa itamfika. Usiku usio na mwezi huchezwa ngoma ya epeme: mwanamume mmoja baada ya mwingine hutokea gizani, manyoya kichwani na kengele mguuni, akikanyaga ardhi kwa nguvu, na wanawake wakimwimbia. Tazama lakini: hata hapa, nyama ya heshima haiendi kwa aliyeua. Inakwenda kwa kundi. Na mwanamume ambaye hakubahatika kuua mnyama mkubwa, umri ukisogea, huingizwa tu.

Nisieleweke kwamba hawa ni malaika. Wanagombana juu ya nyama, wanalalamika kwamba fulani kapata kubwa, na mwanamume aliyepata kitu kidogo porini anaweza kukila hukohuko kabla hajakutana na macho ya watu. Sifa nazo zipo. Watafiti wamewaomba Wahadzabe wataje wawindaji hodari, nao wametaja. Duncan Stibbard-Hawkes na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, walilinganisha sifa hizo na ustadi halisi, wakakuta vinahusiana kwa kiasi tu. Hilo halinishangazi. Pale ambapo mtu haruhusiwi kujitangaza na bahati ndiyo inayotawala, nani atakuwa na hakika ya nani ni nani?

Maisha haya yamebanwa kutoka pande nyingi. Katikati ya miaka ya 1960 serikali ilijaribu kuwakusanya katika makazi ya kudumu, na wengi walirudi porini. Wafugaji wameingia na ng'ombe wao kwenye visima, na Mang'ola imekuwa nchi ya vitunguu. Mwaka 2011 jumuiya za Kihadzabe za Yaeda zilipata hati ya kimila ya ardhi ya hekta zipatazo 20,000, kwa msaada wa shirika la Ujamaa Community Resource Team. Edward Loure wa shirika hilo alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2016 kwa kazi ya namna hiyo. Ardhi bila wanyama haitoshi, lakini bila ardhi hata swali la wanyama lisingekuwapo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni watalii. Wanafika Mang'ola alfajiri, wana saa chache, na wamelipia uwindaji. Kijana anayewatembeza lazima awaonyeshe kitu, kiwe nyani, ndege, au angalau mshale uliochomeka kwenye gogo, na lazima atabasamu na upinde mbele ya kamera. Simlaumu; fedha ni fedha, na unga wa sembe hauokotwi chini ya mbuyu. Ila kazi hiyo inadai kinyume cha kila alichofundishwa na wazee: ushindi wa lazima kila asubuhi, na mwindaji anayejitangaza. Mzee anayeketi pembeni akinyoosha wano kwa meno hatakiwi kwenye picha hiyo, kwa kuwa hana cha kuonyesha isipokuwa anachokijua, nacho kinachukua siku mia moja kukiona.