MEZA YA RUTA: MTUMISHI HODARI ASIYESAMEHE UZEMBE

Seremala wa zamani alipotaka kuchimba mfuo wa kutilia kioo cha dirisha, au kulainisha ukingo wa meza, alishika randa na patasi, na kazi ikamchukua nusu ya siku. Siku hizi kazi hiyo hufanywa kwa dakika chache na mashine ndogo ya umeme iitwayo ruta. Mashine hii imeenea katika karakana nyingi za Kenya, za mjini na za mashambani. Wapo wakulima wanaoitumia kutengenezea mizinga ya nyuki, na wapo makarani waliostaafu ambao wameanzisha karakana ndogo nyumbani kwao. Lakini wengi huinunua kabla ya kujifunza tabia zake, na kidole kilichokatwa hakioti tena.

Ruta ni mota iliyosimama wima, na mwishoni mwake imefungwa kisu. Ruta nyingi huzungusha kisu hicho kati ya mara 10,000 na 25,000 kwa dakika moja. Ikishikwa mkononi, ubao hutulia na ruta ndiyo itembeayo juu yake. Ikifungwa chini ya meza mambo hugeuka: mota hukaa kichwa chini, kisu huchomoza katika tundu, na ubao ndio usukumwao. Faida yake ni kwamba mbao nyembamba, ambazo ni vigumu kuzikalia na ruta ya mkononi, hupita mezani kwa urahisi, na mbao 20 zikikatwa kwa kipimo kimoja zote hutoka sawa.

KUTENGENEZA MEZA

Hapana haja ya kununua meza ya ghali. Fundi aweza kuitengeneza mwenyewe kwa vipande viwili vya plaiwudi ya milimita 18, vikigandishwa pamoja kwa gundi, na juu yake akabandika fomaika ili ubao uteleze vizuri. Jambo kubwa ni kwamba uso wa meza uwe tambarare kabisa. Rula ndefu ya chuma ikisimamishwa juu yake kwa ubavu, mwanga usionekane chini yake, wala kwa urefu wala kwa mshazari. Meza iliyobonyea katikati hutoa mikato isiyolingana, hata fundi awe hodari namna gani.

Katikati ya meza hukatwa tundu la kuingiza bamba la alumini au la plastiki ngumu, na ruta hufungwa chini ya bamba hilo kwa skrubu. Bamba lisizidi uso wa meza wala lisipungue, maana ubao ukijikwaa katika ukingo wa bamba husimama ghafula, na mkono wa fundi huendelea mbele kuelekea penye kisu. Kimo cha sentimita 85 hadi 95 chafaa watu wengi. Miguu iwe mizito na imara, kwa kuwa meza itikisikayo ni hatari.

Juu ya meza huwekwa ubao wa kuongozea. Huu ni ubao mnyofu ulioungwa na mwingine kwa pembe mraba, na katikati yake una pengo ambamo kisu hujificha kwa sehemu. Nyuma ya pengo yafaa kutoboa tundu la bomba la kufyonza vumbi. Ubao huu hufungwa kwa klampu mbili zilizokazwa sawasawa, na kabla ya kazi hupimwa kwa skwea.

MAMBO YA UMEME

Umeme wa Kenya ni wa volti 240. Ruta nyingine zinazoletwa kutoka Marekani zimetengenezwa kwa volti 120, na mtu akiichomeka moja kwa moja ukutani mota itaungua mara moja. Basi mnunuzi asome kwanza bamba dogo lililobandikwa ubavuni mwa mashine. Waya wa kuongezea urefu uwe mnene wa kutosha, nao ukunjuliwe wote, kwa sababu waya uliozungushwa hupata moto unapobeba mzigo mzito.

Swichi iwekwe mbele ya meza, mahali ambapo mkono waifikia bila mtu kuinama. Anayepapasa chini ya meza kutafuta swichi wakati ubao umekwama huenda asiipate kwa wakati. Tena kuna hatari ambayo wengi hawaifikirii. Umeme ukipotea katikati ya kazi, fundi huiacha meza akaenda zake kungojea. Umeme ukirudi, ruta huanza kuzunguka yenyewe, na huenda wakati huo mtoto au mwanafunzi amekwisha kuweka mkono karibu na kisu. Dawa yake ni swichi ya namna isiyowasha tena mpaka ibonyezwe. Asiyekuwa nayo hana budi kuzima swichi na kuchomoa plagi kila umeme upoteapo.

KISU NA MWENDO WAKE

Kabla ya kubadili kisu, plagi ichomolewe ukutani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Shina la kisu huingia katika kishikizo kiitwacho koleti, nalo lisipungue milimita 20 ndani yake. Desturi nzuri ni kuliingiza mpaka mwisho, kisha kulivuta nje kiasi cha milimita 2 au 3, ndipo koleti ikazwe kwa spana. Shina lililogota mwisho huenda lisibanwe vizuri. Shina la milimita 12 na lile la nusu inchi, ambalo ni milimita 12.7, hudhaniwa kuwa moja, lakini kila moja lina koleti yake. Anayefunga shina la milimita 12 katika koleti ya nusu inchi atakiona kisu kikipanda chenyewe kazini, au hata kuruka.

Kisu kipana hakitaki mwendo wa kisu chembamba. Kisu cha kipenyo cha milimita 25 chaweza kuzungushwa mara 22,000 kwa dakika bila taabu. Lakini kisu cha milimita 90 kikizungushwa hivyo, makali yake hukimbia zaidi ya kilomita 370 kwa saa. Kwa hiyo visu vya zaidi ya milimita 25 hadi 50 hupunguzwa mpaka mizunguko 18,000, vya 50 hadi 65 mpaka 16,000, na vinavyozidi hapo mpaka 12,000 au chini. Kama kisu chenyewe kimeandikwa kiwango cha chini zaidi, kiwango hicho ndicho kifuatwe. Ruta isiyo na kirekebisho cha mwendo isifungwe kisu kipana hata kidogo.

UBAO HUSUKUMWA UPANDE GANI?

Hapa ndipo mwanzo wa ajali nyingi. Ruta iliyofungwa chini ya meza, ukiitazama kutoka juu, huzunguka kinyume cha mishale ya saa. Fundi akiwa amesimama mbele ya meza na ubao wa kuongozea uko ng'ambo, makali yaliyo upande wake hukimbia kutoka kushoto kwenda kulia. Kwa hiyo ubao husukumwa kutoka kulia kwenda kushoto, ukikabili makali. Hapo kisu hukata kwa utaratibu, na mkono wausikia uzito wa kazi. Ubao ukisukumwa upande ule ule uendako kisu, makali huudaka na kuutupa mbele kama mshale, na mikono iliyoushika huvutwa pamoja nao.

Kwa sababu hiyo hiyo ubao usipitishwe kamwe katikati ya kisu na ubao wa kuongozea. Hapo makali huushika upande wa nyuma, ambako hukimbilia kushoto, na ubao uliobanwa hauna njia ila kuruka. Kisu kijifiche katika pengo lake, na sehemu inayokata tu ndiyo ijitokeze.

Kwa mbao zilizopinda, kama ukingo wa meza ya duara, hutumiwa kisu chenye beringi bila ubao wa kuongozea. Hapo hufungwa mezani pini imara karibu na kisu. Ubao huegemezwa kwanza katika pini, kisha huletwa polepole mpaka uguse beringi. Anayeusogeza ubao moja kwa moja kwenye kisu bila egemeo lolote ajitayarishe kunyang'anywa.

MFANO WA MZINGA WA NYUKI

Mkulima atakayeona manufaa ya meza hii upesi ni yule afugaye nyuki. Mzinga wa Langstroth, uliopewa hati ya hakimiliki Marekani mwaka 1852, umejengwa juu ya jambo moja: nyuki huacha wazi njia yenye upana wa milimita 6 hadi 9 hivi. Ikiwa nyembamba kuliko hapo, huiziba kwa gundi yao. Ikiwa pana zaidi, hujenga sega ndani yake. Basi mzinga uliotengenezwa kwa kukisia hauwezi kufunguliwa bila kuyavunja masega.

Fremu za masega huning'inia katika mikato ya ngazi iliyo juu ya mbao mbili za mwisho, moja kila upande. Ubao wa milimita 19 hukatwa ngazi yenye kina cha milimita 16 kutoka ukingo wa juu, na upana wa milimita 10 ndani ya unene wake. Mti wa juu wa fremu una urefu wa milimita 482, na ndani ya mzinga mna milimita 465. Ngazi mbili za milimita 10 huongeza nafasi hiyo ikawa 485, na fremu hukaa bila kubanwa. Lakini fundi akikata milimita 8 badala ya 10, nafasi huwa 481, na hakuna fremu hata moja itakayoingia.

Kwa kazi hii hufungwa kisu kinyofu cha milimita 19. Ubao wa kuongozea huwekwa ili kisu kijitokeze milimita 16, na ubao wa mzinga hulazwa mezani, uso wake wa ndani ukiwa chini. Kisu hakiinuliwi kwa mara moja. Kwanza huinuliwa milimita 3, na mbao zote zikapitishwa. Kisha 6, kisha 9, na mwisho 10. Kila kipimo hujaribiwa kwanza katika kipande kisicho na kazi. Mwenye pupa aweza kukata yote kwa pigo moja, lakini mota italalamika, ubao utapasuka, na labda kisu kitavunjika.

MIKONO, MACHO NA MAPAFU

Mikono isipite juu ya kisu wala karibu yake. Ubao husukumwa kwa vibao vyenye vishikio, na hukandamizwa kwa ubao uliochanjwa meno kama kitana, ambao huuruhusu kwenda mbele na kuuzuia kurudi nyuma. Kipande kidogo kisikatwe kikiwa kidogo: ukatwe kwanza ubao mrefu, halafu kipande kitengwe kwa msumeno. Na akatapo mwisho wa ubao, penye nyuzi zilizokatika, fundi aufuatishe kipande kingine nyuma yake ili nyuzi zisichanike kisu kitokapo.

Kisu kikiacha alama nyeusi za kuungua, ama kimekuwa butu, ama ubao wasukumwa polepole mno. Fundi mzuri husikiliza sauti pia: mota ikibadili mlio ghafula, huzima na kutafuta sababu kabla ya kuendelea.

Miwani ya kukinga macho na vizibo vya masikio si mapambo. Glavu, kinyume chake, zisivaliwe, kwa sababu kisu hudaka nyuzi zake na kuuvuta mkono mzima. Mikono ya shati ikunjwe juu ya kiwiko, na tai, bangili na shuka viachwe nje ya karakana. Vumbi nalo lisidharauliwe. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kuleta saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Vumbi livutwe kwa bomba, na fundi avae kifuniko cha pua na mdomo.

WAJIBU WA MWENYE KARAKANA

Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtaka mwenye kazi akinge sehemu za mashine zilizo hatari na awafundishe watu wake. Lakini hata pasipo sheria, akili yatosha kuonyesha faida yake. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa subira hukata mbao nyingi bila kuziharibu. Yule aliyeachiwa mashine siku ya kwanza huharibu mbao, huvunja visu, na huenda akarudi kwa wazazi wake akiwa na vidole pungufu.

Yafaa basi kila karakana ibandike ukutani, juu ya meza ya ruta, maneno machache ambayo kila mtu atayasoma kabla ya kuwasha: Plagi ichomolewe kabla ya kugusa kisu. Koleti ikazwe. Mwendo ulingane na upana wa kisu. Ubao utoke kulia kwenda kushoto. Kata kidogo kidogo. Mikono iwe mbali. Fundi azingatiaye maneno haya atafaidi meza yake kwa miaka mingi, na vidole kumi alivyoanza navyo ndivyo atakavyostaafu navyo.