Rimoti Kuukuu, Gari Zima

Kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa gari dogo la kuendeshwa kwa rimoti liitwalo Grasshopper mwaka 1984, na hadi leo magari ya kizazi hicho yanauzwa kwa mkono wa pili, rimoti zake zikiwa ndani ya boksi. Muuzaji ataapa kwamba gari linakwenda. Ukifika nyumbani ukaweka betri, kimya. Kabla hujamlaumu, elewa kwamba mfumo huu una pande mbili zenye tabia tofauti. Upande wa waya, kutoka risiva (kipokezi kilicho ndani ya gari) hadi kwenye sevo (kijimota kinachogeuza usukani) na kidhibiti mwendo, karibu kampuni zote zinazungumza lugha moja. Upande wa hewa, kutoka rimoti hadi risiva, kila kampuni ina lugha yake, na nyingine zina zaidi ya moja.

Anza na umeme. Fungua kifuniko cha betri cha rimoti. Ukikuta unga mweupe au wa kijani kwenye vibati, ujue betri za alkalini zilivuja. Pamba yenye siki au ndimu huuondoa. Kausha vizuri, kisha pitisha msasa laini mpaka chuma king'ae. Kagua na waya zinazoingia ndani, maana uozo hutambaa chini ya ganda: nje waya ni nzuri, kumbe shaba imekuwa nyeusi. Rimoti nyingi za zamani hula betri 8 za AA. Zikiwa mpya za alkalini utapata volti 12, zikiwa za kuchaji 9.6, na nyingi huvumilia zote mbili. Pima kwa mita. Taa nyekundu kuwaka si ushahidi wa kutosha.

Sasa hewani. Rimoti nyingi za magari za enzi hizo zilitumia megahezi 27. Uingereza walikuwa pia na 40, Marekani 75. Chaneli huamuliwa na kristali, kipande cha kwatzi ndani ya kibati kidogo chenye miguu miwili. Kwenye 27 kuna chaneli sita zinazojulikana kwa rangi: kahawia ni 26.995, nyekundu 27.045, rangi ya chungwa 27.095, njano 27.145, kijani 27.195, buluu 27.255.

Hapa ndipo wengi hukwama. Kristali huja mbili mbili, moja ya rimoti na moja ya risiva, na hazifanani hata rangi ikiwa moja. Ya risiva kwa kawaida iko kilohezi 455 chini ya mwenzake, kwa makusudi: risiva huchanganya mawimbi hayo mawili, na tofauti inayobaki ni mawimbi ya chini ambayo ni rahisi kuyachuja na kuyakuza. Kwa hiyo njano ya rimoti inatetema kwa 27.145, ile ya ndani ya gari kwa 26.690, ingawa kibandiko chake nacho kinaweza kusomeka 27.145. Tafuta herufi Tx kwa rimoti na Rx kwa risiva. Mtoto aliyezichomoa akazirudisha kinyume anaweza kuvuruga mfumo mzima bila kuharibu chochote. Kristali pia huvunjika ndani gari likigonga ukuta, na kwa macho huoni kitu. Dawa ni kujaribu nyingine. Halafu hakikisha rimoti na risiva zote ni AM au zote ni FM. Zikitofautiana, hata kristali sahihi hazisaidii.

Mifumo ya gigahezi 2.4, iliyoenea kuanzia katikati ya miaka ya 2000, haikuhitaji kubadilishiwa kristali. Rimoti na risiva hutambulishwa mara moja kwa kubonyeza kitufe au kuchomeka plagi maalumu, na taa inayometameta ikitulia kazi imekwisha. Lakini jina la kampuni lisikudanganye, maana lugha ya hewani inaweza kutofautiana ndani ya kampuni moja. Risiva ya Futaba ya FASST haisikilizani na rimoti iliyo ya S-FHSS pekee, na risiva ya FlySky ya AFHDS haielewani na rimoti iliyo ya AFHDS 2A pekee. Ndiyo maana nasema usinunue rimoti ya mtumba isiyo na risiva yake, hata ikiwa ya bei ya kutupa.

Upande wa waya ni raha. Risiva hutuma mpigo mfupi wa umeme kila milisekunde 20 hivi. Mpigo wa milisekunde 1.5 huiambia sevo ikae katikati. Ukielekea 1 inageukia upande mmoja, ukielekea 2 upande wa pili. Kanuni hiyo imedumu, kwa hiyo sevo ya mwaka 1985 inaitii risiva mpya kabisa. Basi ushauri wangu, ambao wapenzi wa vitu vya kale hawataupenda: ile 27 ikikushinda baada ya betri na kristali, iache kabatini kama pambo. Nunua rimoti ya 2.4 ya bei nafuu pamoja na risiva yake, sevo na gari vibaki vilevile.

Tahadhari moja tu kwenye plagi. Kwa kawaida waya mwekundu wa chanya hukaa katikati, mweusi au kahawia wa hasi pembeni. Sanwa za zamani, zilizouzwa Marekani kwa jina la Airtronics, zilipishanisha chanya na hasi. Ukichomeka bila kuangalia, unaweza kuunguza sevo au risiva papo hapo. Na kama kidhibiti mwendo chako cha elektroniki kinalisha risiva umeme, usiongeze kasha la betri juu yake.

Jaribu mezani, gari likiwa juu ya boksi, magurudumu hewani. Sevo ikitetemeka palepale katikati, mara nyingi kipimo chake cha ndani kimelika. Ikitulia mota ikiwa imezimwa na kuruka mota ikianza, kosa liko kwenye mota: brashi zake hutoa cheche zinazovuruga AM vibaya sana. Lehemu kapasita tatu za mikrofaradi 0.1, moja kati ya terminali mbili, nyingine kutoka kila terminali hadi kwenye mwili wa mota. Usiikate antena ya risiva kwa kuona ni ndefu mno.

Kisha, magurudumu yakizunguka, zima rimoti. Mfumo wa 2.4 uliopangwa vizuri unasimamisha mota wenyewe. AM za zamani kwa kawaida hazina kinga hiyo, na risiva iliyoachwa peke yake hutii kelele yoyote ya hewani, hivyo washa rimoti kwanza halafu gari. Wakati wa kuzima, anza na gari.